Dini ilitangulia, usultani ukafuata: jibu kwa mwalimu wa historia

Swali: Nafundisha historia kidato cha tano. Mtaala unataka wanafunzi waeleze jinsi dini ilivyounda utambulisho wa watu na kubadilisha siasa katika zama za kati, lakini mifano karibu yote tuliyonayo ni ya Ulaya. Naomba mfano wa pwani yetu. Je, ni Uislamu uliowafanya Waswahili wawe Waswahili? Na uligeuza vipi utawala? Darasani wanabishana: wengine wanasema Washirazi walikuja na kila kitu, wengine wanasema hao Washirazi ni hadithi tupu.

Jibu:

Mwalimu, anzia Shanga, usianzie Kilwa. Kilwa ina majumba, ina sultani, na ina mgeni maarufu aliyeandika habari zake. Ukianza nayo, darasa litadhani dini ilishuka kutoka ikulu kwenda kwa watu. Pwani yetu mambo hayakwenda hivyo. Dini ilianza kwa watu wachache wa mjini, ikakaa nao vizazi kadhaa, na watawala wakaja kuibeba baadaye.

Shanga ni magofu yaliyoko kisiwani Pate, katika funguvisiwa la Lamu. Miaka ya 1980 wanaakiolojia wakiongozwa na Mark Horton walichimba chini ya msikiti wa Ijumaa wa mawe uliobaki pale. Chini yake wakakuta msikiti wa zamani zaidi, na chini ya huo mwingine tena, mpaka wakafikia alama za kijengo kidogo cha miti cha mwishoni mwa karne ya 8. Waliokuwa wakiswali humo walikuwa wachache sana. Hata kibla hawakuwa wameipata sawasawa. Waliojenga baada yao ndio waliorekebisha. Kila baada ya muda watu wa Shanga walivunja na kujenga kikubwa zaidi mahali palepale, hadi matumbawe na chokaa vikachukua nafasi ya miti.

Tazama pia kilichokizunguka kijengo hicho. Vyungu ni vya wenyeji, vya aina iliyofinyangwa sehemu nyingi za pwani wakati huo. Nyumba ni za miti na udongo. Watu walivua, walilima, walifuga. Kwa hiyo mji ulikuwapo na watu wake walikuwapo, na ndani yao kukawa na kundi dogo la Waislamu. Hilo likieleweka, nusu ya ubishi wa darasa lako imekwisha.

Kwa nini kundi hilo likakua? Jibu la mkato ni "biashara", lakini mwanafunzi akiandika neno hilo peke yake hajaeleza kitu. Mwambie afuate safari ya jahazi moja. Linashuka kutoka Ghuba au Uarabuni kwa upepo wa kaskazi, kati ya Desemba na Machi. Haliwezi kurudi mpaka kusi ianze kuvuma, kuanzia Aprili. Kwa hiyo mfanyabiashara anakaa mjini wiki nyingi, pengine miezi. Anahitaji mwenyeji wa kumlaza na kumtunzia mali, na anahitaji kukopesha nguo na shanga leo alipwe pembe za ndovu msimu ujao. Akifa, anahitaji watu wa kumwosha na kumzika. Akitaka kuoa, anahitaji mkwe ambaye ndoa yake inatambulika pande zote mbili za bahari. Mwenyeji Mwislamu aliweza kutoa yote hayo chini ya sheria moja: mkataba wenye mashahidi, kiapo, mirathi, na kadhi wa kuamua wakigombana. Tena mtu huru aliye Mwislamu hakuruhusiwa kisheria kufanywa mtumwa na Mwislamu mwenzake. Kwa familia ya pwani iliyotaka kushika biashara hiyo, kusilimu kulifungua milango mingi kwa pamoja. Hakuna ushahidi wa jeshi lililokuja kuwalazimisha.

Watoto wa ndoa hizo walilelewa na mama zao na jamaa za mama, kwa lugha ya mama. Ndiyo maana dini ilikuja kwa Kiarabu lakini watu hawakugeuka Waarabu. Kwa hili usiende mbali kutafuta ushahidi. Andika siku za juma ubaoni. Jumamosi ni siku ya kwanza, Jumapili ya pili, Jumatatu ya tatu, Jumanne, Jumatano. Hesabu inaanza siku inayofuata Ijumaa, kwa hiyo juma lote linazunguka swala ya pamoja, ilhali namba zenyewe ni za Kibantu. Kisha inakuja Alhamisi, ambayo kwa Kiarabu maana yake ni ya tano. Kumbe Kiswahili kina siku mbili za tano zinazofuatana: moja ya hesabu yetu, nyingine ya hesabu ya Waarabu, ambao huanzia Jumapili. Hesabu mbili zimeshonwa pamoja na mshono unaonekana.

Miezi nayo ni vilevile. Wazee wa pwani huhesabu kuanzia mwezi unaofuata Ramadhani: Mfunguo Mosi, Mfunguo Pili, hadi Mfunguo Tisa, ndipo Rajabu, Shaabani na Ramadhani. Maulidi huangukia Mfunguo Sita. Kalenda ni ya Kiislamu, lakini imepangwa upya kwa Kibantu kuzunguka tendo la kufunga na kufungua. Na Mungu amebaki na jina lake la Kibantu, sambamba na Allah. Mwanafunzi akiuliza utambulisho ni nini, mwonyeshe hapo.

Sasa siasa. Shahidi wetu wa mapema ni al-Masudi wa Baghdad, aliyesafiri pwani hii na kuondoka Qanbalu kurudi Oman mwaka 304 Hijria, sawa na 916 au 917. Qanbalu wengi huiweka Pemba, na Ras Mkumbuu ndipo panapotajwa zaidi. Anasema kisiwani mlikuwa na Waislamu waliosema lugha ya Wazanj, jina ambalo Waarabu waliwaita watu weusi wa pwani hii. Kuhusu wafalme wa Wazanj anatoa habari ambayo wanafunzi huipenda: mfalme huchaguliwa ili atawale kwa haki, na akidhulumu humwua na kuuondoa ukoo wake katika ufalme. Cheo anachokiandika kwa herufi za Kiarabu kinafanana mno na neno wafalme. Maana yake ni kwamba fikra ya mtawala anayebanwa na haki ilikuwapo kabla Uislamu haujawa dini ya wakubwa. Dini haikuikuta pwani tupu kisiasa.

Dalili za wakubwa kuibeba dini zinazidi kuanzia karne ya 11 na 12. Mfano mzuri na unaotembeleka ni Kizimkazi, kusini mwa Unguja. Kwenye mihrabu yake kuna maandishi ya Kikufi, mtindo wa kale wa herufi za Kiarabu, yaliyochongwa kwenye matumbawe, yenye mwaka 500 Hijria. Fundisha njia hii ya kukadiria: zidisha mwaka wa Hijria kwa 0.97, kisha ongeza 622. Hapo ni 485 jumlisha 622, unapata 1107. Kaburi maarufu la Gedi, magofu ya pwani ya Kenya, lenye mwaka 802 linatoa 1399 na kitu, na ndiyo tarehe inayokubaliwa. Kosa linalorudiwa kila mwaka ni mwanafunzi kujumlisha 622 tu bila kupunguza. Mwaka wa mwezi ni mfupi kwa takriban siku 11, kwa hiyo kosa hilo humpeleka mbele miaka 15 kwa Kizimkazi na 24 hivi kwa Gedi. Kosa la pili ni kusema msikiti wote wa Kizimkazi una miaka 900. Jengo kubwa linaloonekana lilijengwa upya karne ya 18. Yaliyo ya kale ni yale maandishi na sehemu za ukuta wa kibla.

Maandishi hayo ni kazi ya ufundi mkubwa. Tumbawe la kuchongwa hutolewa baharini likiwa hai, na hapo ni laini, fundi analikata kwa patasi. Likikaa hewani hukauka na kuwa gumu kama jiwe. Kwa hiyo aliyechonga aya zile alikuwa na muda mfupi, alihitaji wapiga mbizi, na alihitaji mtu wa kumlipa. Mtindo wa herufi unafanana na wa Siraf, bandari ya Uajemi, lakini jiwe ni la bahari yetu. Aliyeagiza kazi ile alitaka aonekane kuwa mtu wa ulimwengu wa Kiislamu na papo hapo mkubwa wa Kizimkazi.

Hapa ndipo Washirazi wanapoingia. Habari za Kilwa zimetufikia kwa njia mbili: maandishi ya Kiarabu yaitwayo Kitab al-Sulwa, na muhtasari wa Kireno alioutia João de Barros katika kitabu chake cha mwaka 1552. Yote mawili yaliandikwa karne ya 16, miaka 500 hivi baada ya tukio wanalolisimulia. Yanasema Ali bin al-Hasan alitoka Shiraz, mji wa Uajemi, na kukinunua kisiwa cha Kilwa kwa nguo za kutosha kukizunguka. Wala usiitupe hadithi hii. Jina la Ali bin al-Hasan limo kwenye sarafu halisi. Mwaka 1984 huko Mtambwe Mkuu, Pemba, ilipatikana akiba ya sarafu zaidi ya 2,000, nyingi ndogo za fedha, zenye majina ya watawala wa pwani na yeye akiwamo, pamoja na dinari za dhahabu za Wafatimi, watawala wa Misri, zinazofika miaka ya 1060. Mtu huyo aliishi.

Halafu mwaka 2023 ulichapishwa uchunguzi wa vinasaba vya watu wapatao 80 waliozikwa katika miji ya pwani na jirani zake kati ya mwaka 1250 na 1800, Kilwa, Songo Mnara, Manda na Mtwapa zikiwamo. Wengi wao walikuwa na asili ya Kiafrika zaidi ya nusu, hasa upande wa mama, na sehemu kubwa ya Kiasia upande wa baba. Asili hiyo ya Kiasia kwa karne za mwanzo ilikuwa zaidi ya Uajemi, na mchanganyiko ulianza karibu mwaka 1000. Kwa hiyo kundi la kwanza darasani limekosea kusema walikuja na kila kitu, maana Shanga ilikwisha kuwa na msikiti miaka 200 kabla, na lugha haikubadilika. Kundi la pili limekosea kusema ni hadithi tupu. Mimi ningewauliza swali jingine kabisa: kwa nini watu wenye mama wa pwani kizazi baada ya kizazi walichagua kusimulia upande wa baba tu? Kwa sababu nasaba ya baba ilikuwa hati. Ilimpa mtu haki ya cheo, ya ndoa nzuri, na ya kuaminika kwa wageni. Dini ndiyo iliyoipa hati hiyo thamani.

Rudi kwenye sarafu, maana ndizo zinazoonyesha siasa kwa karibu. Sarafu ya shaba ya Kilwa ni ndogo, pengine inalingana na ukucha wa kidole gumba. Haina thamani ya kubebwa ng'ambo, na nyingi zimebaki Kilwa, Mafia na jirani, ingawa moja ilifika hadi Great Zimbabwe. Upande mmoja una jina la mtawala, upande wa pili una tamko kwamba anamtegemea Mola, na maneno ya pande mbili yana vina vinavyoafikiana. Muuza samaki aliyeishika alishika jina la sultani na jina la Mungu katika kiganja kimoja.

Nguzo nyingine ilikuwa hotuba ya Ijumaa. Katika dola za Kiislamu mtawala alijulikana kwa mambo mawili: jina lake kwenye sarafu, na jina lake kuombewa mimbarini. Pwani ilifuata madhehebu ya Shafii, na sheria yake ya Ijumaa ina masharti ambayo wanafunzi wa siasa hawana budi kuyajua. Swala ya Ijumaa inahitaji wanaume 40 waliobaleghe, walio huru na wakazi wa mji. Na mji mmoja uwe na Ijumaa moja ila kwa dharura. Fikiri matokeo yake. Kwanza, mji unahesabiwa kuwa mji ukifikisha watu hao. Pili, waungwana wote wanakutana mahali pamoja mara moja kwa juma na kusikia jina moja. Tatu, watu wakiongezeka hujengi msikiti mwingine wa Ijumaa mtaa wa pili, unapanua uleule. Ndiyo sababu msikiti mkuu wa Kilwa uliongezwa badala ya kujengewa mwenzake. Ukumbi wa awali wa kaskazini ulikuwa mdogo. Karne ya 14 wakauongezea ukumbi mpana wa kusini na chumba chenye kuba kubwa.

Upana wa majengo nao una sababu yake. Dari ilibebwa na boriti za mikoko, na boriti hazivuki vizuri zaidi ya mita mbili na nusu au karibu tatu. Nyumba za waungwana zina vyumba virefu vyembamba kwa ajili hiyo. Kuufunika umati wa Ijumaa kulidai nguzo nyingi na kuba, yaani chokaa nyingi, kuni nyingi za kuichoma na wafanyakazi wengi. Ni mtawala aliyeweza kugharimia hayo, na kila aliyeingia kuswali aliona nani kagharimia.

Mabadiliko makubwa ya kisiasa Kilwa yalikuja mwishoni mwa karne ya 13, ukoo wa Mahdali ulipotwaa usultani. Hawa walijinasibu kuwa masharifu wenye asili ya Yemeni. Ona hoja ilivyogeuka: watangulizi wao walitawala kwa sababu babu yao alinunua kisiwa, hawa walitawala kwa sababu babu yao ni Mtume. Hoja ya kwanza ni ya Kilwa peke yake, ya pili inatambulika popote penye Waislamu. Al-Hasan bin Sulaiman, mkubwa wao kwa fahari, alihiji akiwa kijana na, kwa mujibu wa habari za Kilwa, alisoma Aden miaka miwili. Aliporudi na kutawala, dhahabu ya Sofala, bandari ya kusini katika Msumbiji ya leo, ikipitia mikononi mwake, alijenga jumba la Husuni Kubwa juu ya mwamba unaotazama bahari, lenye bwawa la pembe nane.

Ibn Battuta, msafiri kutoka Moroko na ndiye yule mgeni maarufu niliyemtaja mwanzoni, alimkuta mwaka 1331. Anasema watu wa Kilwa ni wa Shafii, na sultani aliitwa Abu al-Mawahib, baba wa zawadi. Aliwavamia Wazanj wasio Waislamu, na katika ngawira alitenga khumsi, sehemu ya tano, kama Kurani inavyoagiza. Fungu la jamaa za Mtume aliliweka katika hazina ya peke yake, na masharifu walikuja kutoka Iraki, Hijazi na kwingineko kulichukua. Huu si ukarimu tu, Mwalimu. Kila sharifu aliyerudi kwao na zawadi alithibitisha ng'ambo kwamba nasaba ya sultani wa Kilwa ni ya kweli.

Maskini mmoja kutoka Yemeni alimsimamisha barabarani baada ya Ijumaa akamwomba nguo alizovaa. Sultani akaingia nyumba ya khatibu, akazivua, akampa. Mwanawe akazirudisha kwa kumlipa yule mtu watumwa kumi; sultani alipoona watu wanavyomsifu kwa tendo lile, akaamuru aongezwe watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe. Alipokufa akatawala nduguye Dawud, naye mwombaji akija humwambia kwamba aliyekuwa akitoa amekufa na hakuacha cha kutoa.

Katika kisa hicho hicho muna jambo ambalo halifai kufichwa darasani. Zawadi ya kidini ilihesabiwa kwa watu. Dini iliyowakataza waungwana kutiana utumwani wao kwa wao iliweka pia mpaka, na walio nje ya mpaka huo walivamiwa na kuuzwa. Utambulisho wa uungwana ulijengwa kwa kuhesabu nani yuko ndani na nani yuko nje, na walio nje ndio waliolipa gharama.

Tahadhari moja kuhusu shahidi huyu: aliamrisha kitabu chake kiandikwe zaidi ya miaka 20 baada ya safari. Anasema Kilwa yote ni ya miti, wakati magofu ya mawe ya enzi ileile yamesimama mpaka leo. Mwamini zaidi anaposimulia watu kuliko majengo.

Dini iliyompandisha mtawala ilimfunga pia. Karne ya 15 nguvu Kilwa zilihamia kwa mawaziri na maamiri. Waliwaweka masultani na kuwaondoa, lakini aghalabu hawakuthubutu kukalia kiti wenyewe. Walitafuta mtu wa ukoo. Amiri Ibrahim, aliyeikuta Ureno mlangoni, alitawala kwa cheo cha amiri baada ya sultani al-Fudail kuuawa. Wareno walipoiteka Kilwa mwaka 1505 walimtawaza Muhammad Ankoni, tajiri asiye wa ukoo wa kifalme. Hakudumu, aliuawa muda mfupi baadaye, na Wareno wenyewe wakaihama Kilwa mwaka 1512. Mtu aliyewekwa na wageni wa dini nyingine, asiye na nasaba, hakuwa na cha kumshikilia.

Mwisho, lipo neno moja la kuchunga kwenye insha za wanafunzi: ustaarabu. Watakuandikia kwamba Uislamu ulileta ustaarabu Kilwa. Neno la watu wa miji hii lilikuwa uungwana: kuwa mtu huru, wa mji, mwenye nyumba, dini na adabu, na mwenye Kiswahili fasaha. Ustaarabu, yaani kufanana na Mwarabu, ulipata nguvu kama kipimo cha heshima karne ya 19, chini ya masultani wa Kiomani waliokaa Unguja. Ukisoma karne ya 14 kwa miwani ya karne ya 19 utamwona al-Hasan bin Sulaiman kama Mwarabu aliyetawala Waafrika, wakati yeye alikuwa muungwana wa Kilwa mwenye hati ya nasaba kutoka ng'ambo. Wape zoezi la aya mbili: aya ya kwanza waieleze Kilwa kwa neno ustaarabu, ya pili kwa neno uungwana, kila aya ikitumia sarafu, mihrabu na juma. Wengi watagundua kwamba aya ya kwanza haiwezi kueleza kwa nini kuna Jumatano na Alhamisi.